Barua ya Chifu wa Kingsbury

Idara ya Haki Zilizolala inapenda kuwatangazia wakazi wote wa kaskazini-magharibi mwa London kwamba, kuanzia Jumatatu, haki yoyote ya madini iliyo chini ya ardhi, ambayo mwenyewe hajulikani, itahesabiwa kuwa imelala. Haki iliyolala haitaamshwa, kwa kuwa kumwamsha aliyelala ni utovu wa adabu. Itabebwa polepole, kwa heshima zote, na kulazwa mikononi mwa Idara. Mwenye malalamiko anazo siku thelathini za kufika mwenyewe, kwa miguu yake, dirisha namba tatu.

Tangazo hilo lilitolewa kwa lugha kumi na moja. Kiswahili hakikuwemo, kwa sababu utafiti wa Idara ulikuwa umebaini kwamba Waswahili hawana kitu chini ya ardhi.

Aliyefanya utafiti huo, na tangazo akaliandika yeye, alikuwa Bwana Victor Wanjohi, Naibu Mkurugenzi Msaidizi, mzaliwa wa Nyahururu na mkazi wa Stanmore. Kadi yake ya kazi ilikuwa inafungua milango mitano. Milango mitano si mchezo. Wamo Waingereza wa kuzaliwa katika Idara ile wenye mitatu tu, na wanashukuru. Wanjohi alikuwa amepanda ngazi kwa maadili mawili. La kwanza, hajawahi kukataa fomu iliyokamilika. La pili, alihakikisha hazikamiliki.

Wakati huo Idara ilikuwa inajiandaa kujenga Makao Makuu ya Kudumu, jengo la ghorofa tano kwenda chini, kwa kuwa shughuli zake zote ziko chini. Mahali palikuwa pameshapatikana: vishamba kumi na viwili vya kukodi nyuma ya maduka ya Kingsbury, ambako manesi, wafagiaji na wazee wa Kigujarati hulima mboga zao. Juu pa vishamba palikuwa pameshanunuliwa, na maombi ya umiliki yalikuwa yameandikwa kwa jina la Wanjohi kwa niaba ya Idara. Kilichobaki ni chini. Chini kukishapatikana, Wanjohi angepewa ghorofa ya tano, iliyo chini kuliko zote na kwa hiyo kubwa kuliko zote kwa cheo, pamoja na mlango wa sita.

Siku ya nne akaja mama mmoja dirishani, amevaa koti juu ya sare ya kazi ya kutunza wazee. Alikisoma kibandiko cha jina kifuani mwa Wanjohi, uso ukamchangamka.

"Wanjohi! Kumbe tuna mtu wetu hapa. Habari ya kazi?"

Wanjohi alimjibu kwa Kiingereza kwamba atahudumiwa punde, kisha akakaa dakika arobaini bila kufanya lolote, kama taratibu zinavyotaka.

"Haya, sema," alisema hatimaye, kwa Kiswahili, maana Kiingereza kilikuwa kimeshindwa kumtisha mama yule.

"Mimi naitwa Jennifer Mwende. Kwetu ni Kitui, lakini hapa nina miaka ishirini na mbili. Nimekuja juu ya ile notisi. Hiyo haki chini ya vishamba hailali, boss. Ni yangu."

"Yako kivipi?"

"Nimerithi kwa Mzee Harish."

Mzee Harish alikuwa Mhindi wa Kisumu, na Jennifer alikuwa amemtunza miaka tisa, hadi alipofariki mwezi wa pili. Baba yake Harish alishuka London mwaka 1968, na mwaka uliofuata akaenda mnadani akanyoosha mkono akiamini ananunua shamba. Alipopewa hati akaisoma vizuri, akakuta amenunua kila kitu kuanzia inchi tisa kwenda chini. Juu palikuwa pa watu wengine. Kwa aibu hakumwambia mtu ila mwanawe, na mwanawe akakodi kishamba hapo hapo juu ili angalau mguu wa familia ukanyage pande zote mbili. Watoto wa Mzee Harish walirithi nyumba, wakafurahi sana kutorithi udongo. Chini akaachiwa Jennifer, kwa wosia wenye mashahidi wawili.

"Aliniambia hivi: 'Wewe mama, shika hii ya chini. Ile ya juu watu atachukua tu.'"

"Na huko chini kuna madini gani?" Wanjohi akauliza, kalamu mkononi.

"Udongo wa kufinyanga. Changarawe. Na karoti zangu zikipita inchi tisa, hizo pia."

Wanjohi akaandika: karoti.

"Bwana Wanjohi," Jennifer akasema, na sasa hakuwa anatania, "mkichimba hapo mnatufukuza sote. Mimi siku nzima naitwa 'carer', mtunzaji. Nikiingia kwa nyumba ya mtu, carer amekuja. Nikitoka, carer ameenda. Hapo kwa vishamba pekee ndipo watu wananiita kwa jina. Sitaki kupoteza hapo. Nisaidie tu nijue karatasi gani inatakiwa."

Hayo yalikuwa maneno mazito, na Wanjohi aliyasikia. Ndiyo maana alimpa orodha ndefu kuliko kawaida.

Kwanza, alitakiwa kuifuata haki hiyo tangu ilipozaliwa, katika kumbukumbu za ardhi za kaunti, na kila ukurasa uwe na mhuri wa kaunti yenyewe.

"Kaunti gani?"

"Middlesex."

"Ofisi yao iko wapi?"

"Haipo. Kaunti ilifutwa mwaka 1965."

"Sasa mhuri atapiga nani?"

"Kaunti," Wanjohi akasema kwa upole. "Au ulete cheti cha kifo chake."

Watu wengi huishia hapo. Huenda nyumbani wakalala, na haki zao zikalala nao. Lakini Idara haikuwa imezingatia kwamba mama huyu alikulia mahali ambapo kesi ya shamba la babu hurithiwa pamoja na shamba. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na Jennifer aliinama. Siku zake za mapumziko alizimaliza katika chumba cha kumbukumbu, amebeba chupa ya chai aliyolazimika kuiacha mlangoni, akifungua vitabu vikubwa kuliko meza ya jikoni kwake. Akajifunza kusoma mwandiko wa makarani waliokufa zamani. Akamkuta mfyatua matofali wa mwaka 1911 aliyeuza juu akabakiza chini. Akamkuta mjane wa mfyatua matofali, na mpwa wa mjane aliyehamia Kanada, na dalali aliyeuza vilivyoachwa na mpwa, na mwisho jina la baba yake Mzee Harish, limekosewa herufi tatu. Alipoliona alilia, na mtunza kumbukumbu akamwomba alie mbali na karatasi.

Kila aliporudi dirisha namba tatu, Wanjohi alikuwa na jambo dogo la nyongeza. Ramani ya 1911 ilikuwa imechorwa kaskazini ikiwa upande wa kushoto. Akadai barua ya kuthibitisha kwamba kaskazini imesharudi juu. Jennifer akaileta, na sahihi ya mpima ardhi. Cheti cha kifo cha Mzee Harish kilisema amefia Harrow. Wanjohi akadai uthibitisho kwamba hakuendelea kuishi Kingsbury. Akauleta. Hata kaunti aliileta, marehemu, na tarehe yake na sababu ya kifo: Sheria ya Bunge.

Siku ya ishirini na sita akaweka dirishani bahasha nene akasema, "Nimemaliza."

Wanjohi alipekua. Alipekua tena kutokea nyuma. Visanduku kumi na vitatu vya fomu vilikuwa vimejazwa, na hakuna kilichokuwa na kasoro. Kukataa fomu iliyokamilika asingeweza. Angekuwa mtu wa namna gani? Ndipo kutoka mahali pa zamani sana kichwani mwake, mahali ambapo baba yake alikuwa angali amekaa kwenye benchi huko Nyahururu, kofia magotini, wiki ya tatu akingoja kuandikiwa, maneno yakamtoka yenyewe.

"Barua ya chifu iko wapi?"

Jennifer akamkodolea macho. "Chifu?"

"Huwezi kurithi bila barua ya chifu. Mama, unajua hivyo."

"Najua. Lakini chifu wa Kingsbury?"

"Wa Kingsbury," Wanjohi akasema, akachora kwa rula kisanduku cha kumi na nne, akaandika ndani yake kwa Kiingereza safi: barua ya chifu. Akajisikia vizuri sana. London haina chifu, na siku zilizobaki zilikuwa nne.

Kosa lake lilikuwa moja tu. Fomu yenye kisanduku kipya, kwa taratibu za Idara, hupelekwa juu.

Mkurugenzi, Bi Anastasia, aliisoma fomu akafika kisanduku cha kumi na nne akasimama. Hakujua chifu ni nini katika mambo ya ardhi. Kwa kuwa alikuwa Mkurugenzi, hakuuliza. Badala yake aliitisha mkutano wa dharura.

"Nafasi ya Chifu wa Kingsbury," alisema, akiwatazama mmoja mmoja, "imekuwa wazi tangu lini?"

Mwanasheria wa Idara akakohoa. "Tangu kabla yangu," akasema.

"Kwa hiyo kwa miaka yote hii tumekuwa tukitoa haki bila barua ya chifu?"

Hakuna aliyethubutu kukana. Wajumbe wawili waliomba iandikwe kwamba walikuwa wameshalalamikia upungufu huo kwa mdomo. Ikaundwa Kamati Teule ya watu tisa, nayo ikapewa siku moja kuiondolea Idara aibu.

"Bwana Wanjohi," Mkurugenzi akasema, "wewe umelelewa katika mfumo huu. Chifu ana sifa gani?"

Hapo angeweza kusema ukweli. Alifungua kinywa kabisa. Kisha akaukumbuka mlango wa sita.

"Anawajua watu wake," akasema kwa sauti ndogo. "Ana sare. Ana kofia. Na hapatikani."

Kamati iliifuta sifa ya mwisho kwa kuwa inakiuka Mkataba wa Huduma kwa Mteja, ikatafuta mtu mwenye zile tatu. Katika jengo zima alikuwepo mmoja: Evodius, mlinzi wa mlango wa mbele, mtu wa Bukoba, aliyekuwa akiwaambia wageni "pole kwa kusubiri" kabla hawajasubiri. Alikuwa na sare, alikuwa na kofia, na alimjua kila aliyewahi kurudishwa na dirisha namba tatu, maana wote hutokea mlangoni kwake.

Evodius aliposomewa barua ya uteuzi alifikiri kidogo. "Kwetu machifu tuliwaacha zamani," akasema. "Tuna mjumbe wa nyumba kumi, na mtendaji. Lakini kazi naifahamu. Ni kumjua mtu. Nipeni meza, daftari na mhuri."

Vyote vitatu vikaletwa ndani ya saa moja. Wanjohi alikuwa na mwaka wa pili akisubiri kiti chenye mikono.

Siku ya ishirini na nane, saa nne asubuhi, Chifu wa Kingsbury akafungua baraza lake la kwanza pale mapokezi, kati ya mashine ya maji na mmea wa plastiki. Jennifer akaja na bahasha. Nyuma yake wakaja watu wa vishamba, kumi na mmoja, wengine na viatu vya matope.

"Karibu, mama, keti," Evodius akasema. Mbele ya dirisha namba tatu hapakuwahi kuwa na kiti. "Marehemu ulimjua?"

"Nilimwogesha miaka tisa."

"Alikuwa mtu wa namna gani?"

"Wa kugombana na redio. Na chai bila tangawizi alikuwa anairudisha."

"Mwisho wake ulikuwepo?"

"Nilikuwa nimemshika mkono," Jennifer akasema, akatafuta leso.

Evodius akangoja hadi akajifuta. Hakuna fomu ya Idara yenye nafasi ya jambo hilo, na Wanjohi, aliyekuwa akichungulia kwenye ngazi, aliliona kuwa dosari kubwa ya utaratibu.

"Majirani wawili wa kukutambulisha."

Wakasimama kumi na mmoja. Mzee Mohinder, mwenye kilemba cha buluu, akasema, "Huyu mama najua mimi. Nikienda hospitali, nyanya yangu yeye namwagia maji." Na Agathe wa Bukavu, aliyekuwa ametoka kusafisha ofisi mbili asubuhi ile, akasema, "Mimi namujua muzuri. Yeye njo alinipatiaka mbegu ya mboga ya lengalenga, wakati sikukuwa na mutu."

Evodius akaandika mistari miwili: namfahamu, na wanaokaa naye wanamfahamu. Akapiga mhuri. Jioni ile fomu ilifika mezani kwa Wanjohi ikiwa na visanduku kumi na vinne vilivyojazwa. Akaitia sahihi. Sahihi ilikuwa nzuri.

Hasara hiyo Idara ingeweza kuimeza, kama si furaha ya Mkurugenzi. Bi Anastasia aliiona picha ya baraza, na wale watu wa matope wakitabasamu, akaipenda mno. Akaliita baraza hilo Ushirikishwaji wa Jamii Hatua ya Kwanza. Akaagiza kwamba kuanzia siku hiyo haki zote, za chini na za juu, za watu na za Idara, ziwe na barua ya chifu. Ombi la juu ya vishamba likarudishwa kwa mwombaji wake kulikamilisha.

Mwombaji huyo, Wanjohi, akashuka hadi mapokezi.

"Evodius, hebu niandikie haraka, nina kikao."

"Karibu, bwana. Majirani wawili wa kukutambulisha?"

"Majirani wa nini? Wewe si unanijua? Miaka sita napita hapa!"

"Naijua kadi yako," Evodius akasema bila chuki yoyote. "Inasema pii, mlango unafunguka. Wewe mwenyewe hujawahi kunisalimia."

Wanjohi akaenda Stanmore kutafuta majirani. Wa kushoto, mzee aliyekaa pale miaka kumi na minne, alidhani ni dalali wa nyumba anayekuja kuikagua kila jioni. Wa kulia alisema gari analijua. Akafikiria Wakenya wenzake, lakini kikundi cha mazishi cha WhatsApp alikuwa amejitoa siku alipopata mlango wa nne, na hajaonekana kwenye msiba wala harusi tangu hapo. Aliwapigia simu watatu. Mmoja akamwuliza kama ni yule Wanjohi aliyekufa.

Chifu ni mtu mkweli. Akaandika: mwombaji hafahamiki Kingsbury, wala Stanmore anakokaa. Akapiga mhuri.

Mwanasheria wa Idara akaisoma barua hiyo pamoja na tangazo la Idara, mara tatu, akatoa ushauri ufuatao. Haki ambayo mwenyewe hajulikani imelala. Haki iliyolala hubebwa na Idara. Lakini hii ni ya Idara yenyewe, na aliyelala hawezi kujibeba. Kwa hiyo lazima ibebwe na jirani wa karibu aliye macho, na jirani wa karibu kuliko wote, inchi tisa tu, ni Bi Jennifer Mwende.

Hati ya kuhamisha juu ikaandikwa, ikaletwa dirisha namba tatu. Ilikuwa imekamilika. Wanjohi akaitia sahihi.

Asubuhi iliyofuata kadi yake haikusema pii. Waraka mpya wa Idara ulieleza kwamba afisa asiyefahamika ni hatari kwa usalama, na kwamba atasubiri nje hadi afahamike.

Jumamosi alikwenda vishambani na viatu vya ngozi. Jennifer alikuwa ameinama kwenye tuta.

"Hamjambo hapa? Habari ya asubuhi, mama?" Wanjohi akasema. Kiswahili kilimtoka vizuri, kama mtu aliyevua soksi.

"Nzuri, Bwana Wanjohi. Umekuja kuchimba?"

"Nimekuja... nahitaji mtu wa kunijua."

Jennifer alikuwa na hasira bado, na haki ya kuwa nayo. Kisha akampa jembe dogo akamwonyesha tuta la mboga za managu. Wanjohi alipalilia kwa saa tatu, akang'oa managu yote, akabakiza magugu. Mzee Mohinder alicheka hadi akakaa chini. Agathe akaja kumwonyesha tofauti, akamwuliza jina, akamwuliza kama mama yake yuko hai, akamwuliza mbona mikono yake ni laini hivyo. Hakuwahi kutokea mtu London kumwuliza Wanjohi maswali matatu mfululizo, na yeye akayajibu yote.

Jumatatu akasimama mbele ya meza ya Chifu, malengelenge viganjani, na karatasi ya Jennifer mkononi. Evodius akaisoma kwa sauti: "Nimemwona huyu. Hajui managu. Ninaendelea kumjua."

"Shikamoo," Wanjohi akasema, ingawa Evodius alikuwa mdogo kwake kwa miaka minne.

Evodius akaandika daftarini: ameanza kufahamika, aruhusiwe hadi mapokezi. Akamwonyesha viti. Karibu vyote vilikuwa vimejaa watu wa Idara wenye fomu za kufahamika mapajani, kuanzia Mwanasheria hadi wale wajumbe wawili waliolalamika kwa mdomo. Kilibaki kiti kimoja, kando ya Bi Anastasia.

Wanjohi akaketi. Mkurugenzi akatazama huku na huku, kisha akamwinamia.

"Victor," akanong'ona, "samahani kukusumbua. Wewe unanijua mimi, sivyo?"

Wanjohi akamtazama vizuri kwa mara ya kwanza, akajaribu kwa moyo wote kukumbuka jambo lolote.

"Naijua sahihi yako," akasema.